Fundi Anayeanza na Kapeti

Gari la gia za mkono limegoma. Taa za dashibodi zinawaka, honi inalia, redio inaimba, lakini ukizungusha ufunguo stata iko kimya. Fundi mwenye pupa atakuuzia betri. Ikishindikana, atakuuzia na stata. Fundi umeme aliyeiva utamjua mapema: anauliza swali moja, kisha anapiga magoti mlangoni na kuchungulia kwenye pedali.

"Bosi, siku za karibuni ukibadili gia, injini ilikuwa inapandisha mlio yenyewe?"

Haulizi ili kupoteza muda. Magari mengi ya sasa yana swichi au sensa inayoiarifu kompyuta ya injini kwamba klachi imekanyagwa. Taarifa hiyo ndiyo inayoruhusu stata izunguke, na ndiyo inayoiwezesha kompyuta kupunguza nguvu ya injini dereva anapobadili gia. Baadhi ya magari yana swichi mbili, moja ya mwanzo wa pedali na nyingine ya mwisho wake, kwa hiyo jibu la dereva tayari linamwonyesha fundi ni ipi ya kushuku.

Halafu kapeti. Katika magari mengi, kwenye mkono wa pedali kuna tundu lililozibwa kwa kipande kidogo cha plastiki, na hicho ndicho kinachosukuma ncha ya swichi. Plastiki hiyo ikizeeka hukauka na kumeguka, ncha ikatumbukia tunduni, na swichi nzima kabisa ikaonekana imekufa. Fundi anapapasa kapeti kwa vidole, anaibuka na chembe mbili tatu na kuziweka kwenye kiganja cha mwenye gari. Swichi mpya ya bei mbaya isingesaidia kitu.

Kama plastiki iko salama, sasa ndipo mashine ya kusomea makosa ya kompyuta inapotolewa. Ikisoma P0704, wengi hukimbilia duka la spea. Yeye hakimbii, kwa sababu namba hiyo inalaumu saketi ya swichi ya klachi, na saketi ni swichi, waya, plagi, eathi, hata kompyuta yenyewe. Anafungua ukurasa wa vipimo vinavyosomeka gari likiwa hai, anaomba pedali ikanyagwe, iachiwe, ikanyagwe polepole, huku macho yake yakiwa kwenye neno moja tu la kioo.

Hapo ndipo ninapopenda kumtazama. Kwenye magari ambayo sensa imekaa kwenye silinda ya juu ya klachi, mara nyingi ndani ya silinda kuna sumaku inayosogea na pistoni, na sensa inahisi mwendo wake bila kuigusa. Ni matumizi ya jambo aliloligundua Edwin Hall kule Baltimore mwaka 1879. Sensa ya namna hiyo kwa kawaida ina waya tatu: wa umeme, wa eathi na wa kupeleka taarifa. Fundi hazitoboi. Anapenyeza pini nyembamba kwa nyuma ya plagi, plagi ikiwa imechomekwa, kwa sababu waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba huonyesha volti zote kwenye mita ukiwa hauna mzigo, kisha unazimia unapopewa kazi. Umeme upo? Eathi ipo? Basi anabaki na waya wa tatu, anauangalia ukibadilika kadiri pedali inavyoshuka, huku mkono wa pili ukitikisa fungu la waya taratibu. Namba zikirukaruka waya unapotikiswa, sensa imesamehewa. Zikikaa palepale pedali ikienda mpaka chini, na hitilafu ya pedali imeshaondolewa, hapo ndipo anaagiza sensa.

Wapo wanaounganisha waya mbili za swichi moja kwa moja na kulirudisha gari barabarani. Linawaka, ndiyo. Linawaka pia likiwa kwenye gia, na ukuta wa mbele ukiwa karibu utaupata. Mimi siwezi kuuita huo ufundi. Huyu fundi aliyeiva akimaliza kufunga huweka gia huru, huvuta hendibreki na kuzungusha ufunguo bila kukanyaga klachi, akitaka gari likatae. Likikataa, anakanyaga, linawaka, anafuta lile kosa kwenye kompyuta, na ndipo anataja bei.