Sista wa Zamu ya Usiku

Mtoto wa dada yangu ana selimundu, na familia yenye mgonjwa wa selimundu huijua hospitali kama kondakta anavyoijua stendi: geti lipi linafunguliwa saa ngapi, bomba lipi lina maji, mlinzi yupi ukimsalimia vizuri anakupitisha na chupa ya chai. Ugonjwa huu si mgeni kwetu kanda ya ziwa. Malaria imekaa hapa tangu enzi za mababu, na mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayelipa deni.

Usiku ule tulitoka nyumbani, Iringo, kwa bajaji, saa tano imepita, mtoto kafungwa khanga mbili na upepo wa ziwa unapiga. Alikuwa analia miguu inauma. Maumivu ya selimundu yana ubaya wake wa pekee: mara nyingi hayana jeraha la kuonyesha wala damu ya kufuta. Mtoto mdogo huaminiwa kwa sababu analia. Akishakuwa kijana akajifunza kunyamaza, wapo watakaomwambia anajifanya ili apate dawa.

Hospitali siitaji, na nina sababu. Nimewahi kufokewa dirishani katika hospitali zaidi ya moja, na sitaki kusifu mlango mmoja nikaonekana nalipiza kisasi kwa mwingine. Ninachotaka kusimulia ni mikono ya mtu mmoja.

Wodini kulikuwa na manesi wawili. Wa kwanza, kijana, alitafuta mshipa mkono wa kulia akakosa, akajaribu wa kushoto akakosa. Simlaumu. Mtoto aliyeshinda bila kunywa maji mishipa yake hulala, na wa kwetu amechomwa mara nyingi hata ile iliyobaki imekuwa migumu. Kijana yule aliweka sindano chini akasema, “Ngoja nimwite sista.” Kujua mahali pa kuacha nako ni ufundi, ingawa hakuna anayekupigia makofi kwa hilo.

Sista akaja. Mama wa makamo, kandambili miguuni, saa ndogo imebandikwa kifuani. Hakugusa mkono wa mtoto. Alimsalimia dada yangu kwanza, akamuuliza mtoto amekula nini tangu mchana, kisha akanawa mikono. Ndipo akamgeukia mtoto, akamuuliza jina, akampa ashike rola ya plasta. “Wewe ndiye mwenye plasta. Nikikuomba unanipa.” Kilio kikapungua, kwa maana sasa alikuwa na kazi.

Akaomba maji ya moto kutoka kwenye chupa yetu ya chai, akayachanganya na ya baridi, akachovya kitambaa, akakikamua na kukifunga kwenye mkono wa mtoto. Tukasubiri. Joto huamsha mshipa, na kwa mwenye selimundu baridi ni adui, kwa hiyo kitambaa kile kilikuwa kinafanya kazi mbili. Alipokitoa hakuangalia kwa macho. Alipitisha ncha ya kidole polepole nyuma ya kiganja, kama fundi cherehani anayetafuta mshono ndani ya bitana. Akasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu.

“Itauma,” akamwambia. “Kidogo, halafu basi. Ukitaka kulia lia, ila mkono usiuondoe.”

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Sote tulikuwa tumeshamwambia mtoto “haiumi, haiumi,” naye alishajua mara mbili usiku ule kwamba sisi ni waongo. Kanula ya njano, ile ndogo ya watoto, iliingia imelala karibu sawa na ngozi. Tone la damu likaonekana nyuma yake. Akasukuma plastiki huku anavuta chuma, akafungua mpira aliokuwa ameufunga juu ya kifundo cha mkono, akanyoosha kiganja chake: “Mwenye plasta, naomba.” Akapewa. Kisha akachana kipande cha boksi tupu la glavu, akakifunga bandeji na kukiweka chini ya mkono ili usikunjike. Kishikizo cha mkono hakikuwepo wodini, pengo lake likazibwa na boksi la glavu, na hadi asubuhi dripu haikutoka.

Nilibaki macho, kwa hiyo niliona na mengine. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa kijana mkubwa kidogo mwenye dripu ya lita moja iliyotakiwa kuisha kwa muda wa saa nane. Mpira wa kawaida wa dripu hutoa matone 20 kwa kila mililita, na ukipiga hesabu unapata matone 42 hivi kwa dakika. Sista alisimama pale dakika nzima, macho kwenye saa ya kifuani, midomo ikihesabu. Akakaza kidogo kile kigurudumu, akahesabu tena dakika nzima. Kwa mtoto mwenye kikohozi alihesabu pumzi vivyo hivyo, dakika kamili. Hakuhesabu nusu dakika akazidisha mara mbili, kwa kuwa pumzi za mtoto haziendi kwa mstari: mtoto wa miaka miwili akifikisha 40 kwa dakika ni jambo la kumwamshia daktari. Mpitaji angedhani mama huyu kasimama tu, kachoka.

Watu husema nesi mzuri “ana moyo.” Neno zuri, ila linamnyang’anya kazi yake. Moyo ninao hata mimi, na usiku ule haukunisaidia kupata mshipa. Huruma niliyoiona ilikuwa na mpangilio: salamu kabla ya sindano, ukweli kabla ya maumivu, kitambaa cha moto kabla ya kidole. Hayo hufundishwa, hurudiwa, na hunolewa kwa miaka kama fundi seremala anavyonoa randa. Mwenye moyo bila mazoezi hayo atalia pamoja na mgonjwa, na dripu itapitiliza.

Kila tarehe 12 Mei wauguzi wa Tanzania huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao, kukumbuka siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Michoro humwonyesha ameshika taa yenye mdomo kama birika la hadithini. Taa yake ya kweli kule Scutari, alikokwenda na wanawake 38 mwaka 1854 kuuguza askari, ilikuwa fanusi ya Kituruki ya kukunjwa. Fanusi, neno tulilo nalo hata sisi. Na katika kitabu chake cha uuguzi aliwakemea sana watu wanaonong’ona karibu na mgonjwa, maana mgonjwa hukaza masikio hadi anachoka. Sista wetu hakunong’ona hata mara moja. Alisema kwa sauti ya chini, ila iliyo wazi.

Sisi wa Mara tuna uzi mwingine unaotufunga na mama yule wa Kiingereza. Shule yake ya wauguzi ilifunguliwa mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas’, London. Ni hospitali hiyo hiyo ambako Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Siku zake za mwisho, baada ya madaktari kumaliza raundi, bila shaka kuna muuguzi fulani aliyemnyooshea shuka na kumgeuzia mto. Taifa zima lililia, na jina la huyo mtu hatukuwahi kuliuliza.

Tuzo zipo, sikatai. Mwaka 2022 Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit nchini Kenya, alipewa huko Dubai tuzo ya wauguzi ya dola 250,000 za Marekani. Alistahili: amejenga shule kijijini kwao na kupiga vita ukeketaji, jambo ambalo sisi wa mkoa huu hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Lakini angalia kilichoonekana na waamuzi. Shule huonekana. Kitambaa cha moto saa saba za usiku hakina picha, na kamati haikai kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Anayekaa pale ni mimi na wewe, ndugu wa mgonjwa. Mashahidi ni sisi tu.

Nasi ni mashahidi wabovu. Mtumishi akitufokea tunapiga simu redioni kabla hata ya kufika nyumbani. Akitutendea wema tunasema Mungu atamlipa, tunabeba ndoo na mkeka, tunaondoka. Nami nilifanya hivyo hivyo. Mtoto aliruhusiwa siku ya tatu, na nilifika getini ndipo nikagundua kwamba jina la sista sikulijua. Nikarudi kuuliza. Alikuwa amepumzika baada ya zamu, wenzake wakanitajia.

Sanduku la maoni lilikuwa ukutani karibu na dirisha la dawa, kufuli lake limeshika kutu. Niliomba karatasi mapokezi. Niliandika jina lake, tarehe, wodi ya watoto, zamu ya usiku, kisha nikaandika alichofanya: alimwambia mtoto kweli kwamba sindano itauma, alihesabu matone dakika nzima, alitengeneza kishikizo kwa boksi la glavu. Sikuandika kwamba ana moyo.

Wewe uliyetoka wodini mwezi huu, zamu iliyokuhudumia unaikumbuka. Rudi uulize jina, uandike.