Nunda, Shing'weng'we na Filamu Inayongojwa

Mtoto wa leo akikimaliza kitabu cha maajabu, swali lake la kwanza huwa hili: filamu yake itatoka lini? Hapa Nyakato, kama ilivyo Mji Mkongwe au Mombasa, swali hilo limekuwa la kawaida tangu visa vya Harry Potter vilipoenea duniani: vitabu saba vya J. K. Rowling kati ya mwaka 1997 na 2007, na filamu nane kati ya 2001 na 2011. Wengi wa watoto wetu waliziona filamu kabla ya kuvigusa vitabu, na wengine hawajavigusa hata leo. Wapo walezi wanaouona mwenendo huu kuwa msiba. Mimi si mmoja wao, kwa kuwa shauku ya mtoto ni mali, na mwenye mali haombolezi. Linalonishughulisha ni swali la pili ambalo shauku hiyo haijaulizwa: siku hekaya zetu wenyewe zitakapotiwa katika filamu, ni kitu gani ndani yake kisichofaa kupotea?

Ili nisizungumze hewani, nimechagua hekaya mbili, moja ya visiwani na moja ya huku ziwani, ambazo kwa rai yangu ni ndugu.

Ya visiwani imo katika mkusanyiko wa Askofu Edward Steere, Swahili Tales, uliochapwa London mwaka 1870, ambamo Kiswahili cha Unguja kimewekwa ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Ni hekaya ya Sultani Majnuni. Sultani huyu alikuwa na wana saba, na alikuwa na paka. Paka akala ndama. Watu waliposhitaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, na jawabu likawa lile lile. Akaingia kula watu, sultani hakutikisika. Hata alipowala wana wa sultani mwenyewe ndipo mzazi akakiri kwamba huyo si paka tena, ni Nunda, mla watu. Aliyetoka kwenda kumsaka ni mwana mdogo kuliko wote, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni. George Bateman, katika kitabu chake cha Zanzibar Tales cha mwaka 1901, anamwita Mkaa Jikoni.

Ya huku ziwani ni ya Wasukuma. Ukishika barabara ya Musoma kutoka Nyakato utafika Kisesa, na karibu yake ni Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950. Katika nchi hiyo yote zimwi Shing'weng'we linajulikana. Lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya makapi. Akajifungua mwana, naye ndiye Masala Kulangwa, jina linalobeba akili ndani yake, maana masala kwa Kisukuma ni akili. Kijana akauliza watu wengine wako wapi. Alipoambiwa, akaapa kulitafuta zimwi na kuliua.

Tazama sasa, msomaji, jinsi ndugu hawa wawili wanavyofanana sura. Mkaa Jikoni anaingia porini, anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani huku akiimba kwamba amemuua Nunda. Mama anamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Anarudi na ngawa, siye. Anarudi na punda milia, na twiga, na kifaru, na ndovu, jawabu halibadiliki. Masala Kulangwa naye anaanza na panzi. Anarejea akishangilia, na mama anamwambia huyu ni panzi, tumchome tumle. Kisha anakuja na ndege, kisha swala, na kila mara mama anautia ushindi wa mwanawe motoni ukawa kitoweo. Hatimaye kila kijana anamfikia adui wa kweli.

Sidai kwamba hekaya moja ilimzaa mwenziwe. Zimwi linalomeza kaya nzima na mtoto anayewatoa watu tumboni ni kisa kinachosimuliwa hata Lesotho, na Alice Werner alikitengea sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya ngano za Wabantu. Ninalotaka kulishika ni dogo kuliko asili na nasaba. Ni yule mama.

Katika hekaya zote mbili, mwenye nguvu ni kijana, lakini mwenye maarifa ni mama. Yeye ndiye anayejua adui ni nani. Kule ziwani ni shahidi pekee aliyesalia. Asingekuwapo, kijana angemuua panzi akajivika taji, na watu wangeoza tumboni mwa zimwi. Kule Unguja ni mzazi aliyekwisha kupoteza wana, ambaye kila neno lake la kukataa linamrudisha porini yule aliyebaki. Angeweza kusema ndiye, mwanangu, umemuua, kaa nyumbani. Mapenzi yangemwelekeza aseme hivyo. Hasemi. Uzito wa hekaya umo katika kukataa huko, na kila mnyama anayeletwa mlangoni anakuwa mtihani wa mama kama alivyo mtihani wa mwana.

Hapa ndipo hekaya zetu zinapoweza kukaa meza moja na vile vitabu vya mfululizo wanavyovipenda watoto. Mfululizo ni nini, kama si mnyama baada ya mnyama? Kila kitabu huisha na ushindi, na kila ushindi hufuatiwa na sauti inayosema bado. Harry Potter alihitaji miaka saba ya shule na vitabu saba ili kumfikia adui wake. Mkaa Jikoni alihitaji mbwa, ngawa, punda milia na wenzao. Msimuliaji wa Unguja aliijua siri hiyo zamani, naye aliimaliza kwa usiku mmoja barazani.

Basi hatari iko wapi? Iko katika haraka ya kamera. Mtengenezaji wa filamu akikabidhiwa Nunda, macho yake yataenda kwenye meno. Atataka paka mkubwa kuliko simba, damu, kilio na mapigano ya mwisho ya nusu saa. Wale wanyama wa njiani atawaona ni marudio, atawafyeka. Mama atapewa maneno mawili ya kwaheri. Na lile jawabu la sultani kuhusu paka wake na ndama wake, ambalo ndilo chimbuko la balaa lote, litapita kama kichekesho cha mwanzoni. Hapo atakuwa amebakiwa na mnyama mkali, na wanyama wakali dunia inao tele. Nunda hakushuka mwituni, alifugwa. Alinenepa kwa udhuru wa mtawala. Filamu isiyolionyesha hilo polepole, mnyama kwa mnyama, itakuwa imemuua panzi.

Yamewafika hata wenye mali kutuzidi. Philip Pullman, mwandishi wa Uingereza, alitoa vitabu vyake vitatu vya mfululizo wa His Dark Materials mwaka 1995, 1997 na 2000. Mwaka 2007 kitabu cha kwanza kilifanywa filamu kwa fedha nyingi, lakini sura zake za mwisho, zilizo chungu kuliko zote, ziliachwa. Vitabu viwili vilivyobaki havikupata filamu. Ilibidi wangoje tamthilia ya televisheni iliyooneshwa kati ya 2019 na 2022, ambayo ilithubutu kukifuata kila kitabu hadi uchungu wake, ndipo hadithi ikafika mwisho. Mtoto hahitaji kuondolewa uchungu. Anahitaji mtu wa kuupitia pamoja naye.

Hekaya ya Masala Kulangwa ina uchungu wake pia. Wapo wasimuliaji wanaoeleza kwamba kijana alipolipasua tumbo la zimwi na watu wakatoka wakishangilia, kisu kilimkata kikongwe mmoja sikio, na huyo, badala ya kushukuru, akamwekea kisasi aliyemwokoa. Naapa kwamba mwandishi wa kwanza wa filamu atapendekeza kikongwe aondolewe. Nami nasema, kikongwe akiondoka, hekaya imeondoka. Hakuna ukombozi usiomjeruhi mtu, na mwenye jeraha ana haki ya kulalamika: hilo ni jambo ambalo Wasukuma waliwapa watoto wao pamoja na uji, na watoto hawakudhurika.

Pana atakayeniambia kwamba filamu si baraza, na marudio yatawachosha watoto. Aende katika banda la video. Kwa miaka mingi filamu za kigeni zimeoneshwa huko zikiwa na sauti ya Mswahili juu yake, anayesimulia, anayefafanua, anayemwonya mhusika na kumcheka adui. Jina la Lufufu lilivuma kwa kazi hiyo, na ng'ambo ya ziwa, Uganda, wenye ufundi huo huitwa VJ. Watoto hawa hawakuchoshwa na fanani. Wao ndio waliomrudisha ndani ya filamu, akapandishwa juu ya picha ambazo hazikumtarajia. Kwa hiyo filamu ya Nunda itakayompa fanani sauti, na kumwacha mama aimbe jawabu lake mara saba ili watoto waimbe naye kuanzia ile ya tatu, haitakuwa ngeni kwao.

Wala tusijifiche nyuma ya umaskini. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilipata filamu ya Amil Shivji mwaka 2021, na Unguja ikazungumza Kiswahili chake mbele ya ulimwengu. Nchini Kenya, filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018 ilionyesha kijiji kinachomtengenezea mtoto mgonjwa filamu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu, na maajabu yake yakatoka katika mikono ya majirani. Tangu mwaka 2014 watoto wamekuwa wakitazama katuni za Ubongo Kids zilizochorwa hapa hapa Tanzania. Mkono upo.

Kinachokosekana ni kitabu. Hapa nasema kama mfasiri. Nunda wa Steere yumo katika Kiswahili cha karne ya 19, ndani ya maktaba. Masala Kulangwa yumo katika vinywa vya bibi wanaopungua kila mwaka, na watoto wengi wa Nyakato, wanaolelewa kwa Kiswahili, Kisukuma cha bibi hawakipati chote. Na ajaye kwanza na kamera ndiye atakayeweka sura. Neno hakuna matata lilikuwa la kila mtu hadi kampuni ya Disney ilipolisajili Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya fulana, na mwaka 2018 maelfu ya watu wakatia saini kulalamika. Zimwi halina hati miliki, lakini picha ya zimwi inayo.

Kwa hiyo ombi langu kwa washairi na waandishi wa visiwani ni la kazi. Tuwaandikie watoto hekaya hizi kwa mfululizo, kitabu kimoja kwa kila mnyama, pamoja na nyimbo zake na maghani yake, Nunda kwa lahaja ya Unguja na Shing'weng'we kwa Kiswahili kinachosikia Kisukuma nyuma yake. Kila neno la mama liandikwe mahali pake. Mtengenezaji wa filamu akija, na atakuja, akute kitabu mkononi mwa mtoto ambaye tayari anajua jawabu la wimbo. Akimletea mtoto huyo ngawa akamwita Nunda, atajibiwa.