Kina, Mizani na Takriri katika Al-Inkishafi: Usomaji kutoka Kakamega

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaohusishwa na miaka ya mwanzo ya karne ya 19, husomwa ama kama mawaidha ya dini, ama kama ombolezo la fahari ya Pate iliyotoweka. Makala haya yanadai kwamba arudhi yake haiuruhusu usomaji wowote kati ya hizi mbili kusimama peke yake.

Kila ubeti una mishororo minne. Mshororo wa kawaida una mizani 11, na pumziko huangukia baada ya ile ya 6. Hivyo utungo huu huenda polepole kuliko utenzi uliozoeleka wa mizani 8. Mishororo mitatu ya kwanza hushiriki kina kinachobadilika kila ubeti, ilhali wa nne huishia kwa -ye tangu mwanzo hadi mwisho. Si pambo tu. Katika lahaja za kaskazini, -iye ni tamati ya kitenzi inayoonyesha tendo lililokwisha kutimia. Hivyo, katika beti kadhaa, kina cha bahari huwa pia sarufi ya kukoma. Taa zilizong'aa kumbini, na popo na buibui waliozirithi kumbi hizo, hufikia kituo kilekile. Msomaji hupewa fahari aitamani, lakini sikio lake limekwisha kujua itakapoishia.

Takriri ya kiulizi "wapi" hufanya kazi tofauti. Msomaji wa Kakamega aweza kuilinganisha na isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Humo kiongozi huimba, kundi likaitikia, na marudio huwakusanya watu. Katika Al-Inkishafi mshairi huusemesha moyo wake mwenyewe, hakuna kundi. Takriri huhesabu wasiokuwapo, na -ye ndiyo pekee inayoitikia.

Tangu miaka ya 1970, mjadala wa ushairi wa Kiswahili umewagawa wanaoviona vina kuwa uti wa mgongo wa shairi na wanaoviona kuwa pingu. Al-Inkishafi huonyesha kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Lililo muhimu si kama shairi lina vina, bali vina hivyo vinasema nini ambacho maneno mengine ya shairi hayakisemi.