Fimbo ya Balabushka na Kinachoshikilia Bei Yake

Katika filamu The Color of Money ya mwaka 1986, Tom Cruise anapewa fimbo ya pool inayotajwa kuwa ni Balabushka. Watu wengi nje ya Marekani walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hapo. Fimbo iliyokuwa mbele ya kamera, hata hivyo, ilitoka Joss, karakana iliyoanzishwa Baltimore mwaka 1968. Balabushka halisi leo hufika makumi ya maelfu ya dola. Mbao ni zilezile za fimbo nyingine, urefu ni uleule wa sentimita 147 hivi, na uzito hauvuki sana nusu kilo. Tofauti ya bei inatoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba fundi aliyeitengeneza amefariki. Ni kweli, lakini mafundi wengi wamefariki na fimbo zao zinauzwa bei ya kutupa. Inabidi tuangalie kazi yenyewe.

George Balabushka alizaliwa Urusi mwaka 1912, akaingia Marekani mwaka 1924, akaishi New York kwa kazi ya mbao. Mwaka 1959 aliingia ubia katika ukumbi wa pool, akaanza kukarabati fimbo na kutengeneza nyingine za kuwapa marafiki. Alifanya kazi hiyo hadi alipofariki Desemba 1975, na fimbo zake zote hukadiriwa kuwa zaidi kidogo ya 1,000. Linalowashangaza wageni wa mambo haya ni kwamba, katika fimbo zake nyingi, sehemu ngumu kuliko zote hakuifanya yeye. Mwili ulioungwa tayari aliununua: kwanza fimbo za ukumbini za Brunswick zilizoitwa Titlist, baadaye miili ya Burton Spain wa Chicago, kisha ya Gus Szamboti wa Pennsylvania.

Maungio ya Titlist yanastahili kutazamwa kwa karibu. Mti wa mpini, mzito na wenye rangi iliyokolea, huchongwa ncha nne ndefu. Mti mweupe wa mbele, mepo (maple), nao huchongwa vivyo hivyo, halafu ncha za huku huingia katika mianya ya kule kama vidole vya mikono miwili vinavyofumbatana. Katikati hupita tabaka nyembamba za mbao zilizotiwa rangi, kisha gundi, kisha kubanwa. Hakuna skrubu wala msumari unaoshika mbao hizo mbili. Balabushka aliuchukua mwili huo, akaukata ili fimbo iwe ya vipande viwili, akaweka kiungo cha chuma kisichoshika kutu chenye skrubu ya unene wa milimita 8 hivi, akaukereza upya kwa vipimo vyake, akauzungushia uzi wa kitani pale mkono unaposhika.

Kwenye kukereza ndipo fundi anapojulikana. Chukua mfereji wa umbo la V uliochongwa ili kupokea ncha moja: tuseme una urefu wa sentimita 30, na kina chake kinaanzia sifuri kwenye ncha hadi milimita 10 upande wa mpini. Maana yake ni kwamba kwa kila milimita moja ya kina, ncha inasogea milimita 30. Sasa mkerezaji akiuweka mti nje ya kitovu kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, upande mmoja unaliwa zaidi na ule wa pili unabaki mnene. Ncha moja inarudi nyuma milimita 3, ya pili inasonga mbele milimita 3. Pengo la milimita 6 unaliona ukiwa umesimama upande wa pili wa meza. Mbao nazo hazitulii. Zinavuta na kuachia unyevu, zinapinda kidogo, ndiyo maana mafundi makini hukereza kidogo, huuacha mti upumzike, kisha hurudia, hadi vipimo vitimie. Fimbo ya zaidi ya nusu karne ambayo ncha zake nne bado zinalingana inakueleza kuhusu subira ya mtu aliyeikereza, na pia inakueleza kwamba hakuna aliyeigusa baada yake.

Hilo la mwisho ndilo lenye fedha. Anayenunua fimbo ya zamani iliyochakaa hushawishika kuipeleka kwa fundi ipigwe vanishi upya, ing'ae. Kabla ya vanishi kuna msasa, na msasa ukiondoa sehemu moja ya kumi ya milimita kuzunguka mti mzima, ncha zote nne zinafupika kwa milimita 3. Mwenye picha na vipimo vya zamani ataliona. Kwa maoni yangu fimbo chafu yenye ngozi iliyokatika na kitani kilichooza ni mali bora kuliko ileile iliyosafishwa na mtu asiyejulikana. Sipingi ukarabati wote; ukifanywa na mkono unaoheshimika, na ukaandikwa, soko huusamehe.

Kununua mwili kwa wengine kumeacha mlango wazi kwa waghushi. Titlist zilikuwa kwenye kumbi tele, na mafundi wengi walizikata na kuzigeuza. Kwa hiyo mwili wa kweli, wa miaka ya kweli, wenye maungio ya kweli, hauthibitishi chochote peke yake. Isitoshe, baada ya kifo chake jina Balabushka lilitolewa kwa leseni na kuchapwa kwenye fimbo za kiwandani. Ni fimbo za kuchezea, si za kuwekeza, lakini muuzaji mjanja hatakuambia. Kinachobaki kuaminika ni mnyororo wa wamiliki: nani alinunua kwa nani, kwa barua au picha gani.

Kuna wanaodhani mapambo ndiyo thamani, hasa pembe za ndovu. Hapa soko liliwageuka. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka hoja mwaka 1989 ili tembo wa Afrika aingizwe Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, yaani biashara yake ya kimataifa ipigwe marufuku, na Julai mwaka huohuo Kenya iliteketeza tani 12 za pembe mjini Nairobi. Miaka 27 baadaye, Julai 2016, Marekani ilibana karibu biashara yote ya pembe hizo. Serikali kuu iliacha upenyo kwa vitu vyenye pembe isiyofika gramu 200, kwa masharti ya tarehe na hati. California, ambayo sheria yake ilianza mwezi huohuo, haikuziachia fimbo za pool upenyo kama huo. Fimbo yenye kiungo cha pembe inaweza kuwa nzuri mno na bado mwenyewe akashindwa kuiuza kihalali jimboni mwake. Mimi tembo namtakia heri, na aliyeinunua simhurumii sana.

Kwa mafundi walio hai hesabu ni nyingine kabisa. Wapo ambao foleni yao huhesabiwa kwa miaka, na anayefikiwa na zamu anaweza kuiuza fimbo mpya kwa faida kabla hajaipaka chaki. Faida hiyo ni ya foleni, na fundi akiongeza uzalishaji au akipandisha bei yake inayeyuka. Fimbo iliyoagizwa kwa uzito wa mtu fulani, na jina la mtu huyo limechongwa ubavuni, hushuka thamani siku inapotoka karakana. Isitoshe, tangu kampuni ya Predator ilipoleta kijiti cha mbele cha nyuzi za kaboni mwaka 2016, wachezaji wengi hutumia mpini peke yake, na vile vijiti viwili vya mepo vilivyokuja nao vikatupwa stoo. Mkusanyaji atakayekuja baadaye atavitaka viwili vyote, vyenye unene wa awali, visivyoliwa na msasa. Ukiuziwa mpini wa fundi maarufu bila vijiti vyake, punguza bei papo hapo. Na kabla ya kulipa mwombe muuzaji picha nne, moja kwa kila ncha, rula ikiwa imelazwa kando yake.