Kp ya "sayari nzima", Afrika iko wapi?

Wandugu, mwezi wa tano 2024 dhoruba kubwa ya jua ilipiga dunia. Kule Marekani wakulima walikuwa katika kupanda mahindi, na trakta zenye kuongozwa na GPS zikapoteza mstari. Watu wote walitaja namba moja: Kp 9. Namba hiyo njo nataka kukosoa.

Mjerumani Julius Bartels aliitoa 1949. Kila saa tatu, stasioni 13 zinaangalia namna sumaku ya dunia inayumba, kila moja inapata namba kutoka 0 mpaka 9, kisha wanafanya wastani. Wazo ni zuri. Sisi wa agronomia tunajua parseli moja haitoshi. Sindano ikiyumba Lubumbashi tu, pengine ni gari limepita karibu. Ikiyumba saa ile ile na Ulaya, sababu iko juu. Gauss na Weber walilinganisha vile tangu miaka ya 1830: stasioni zote zinafuata saa ya Göttingen, zinasoma kila dakika 5.

Sasa soma orodha ya Kp. Stasioni 7 ziko Ulaya, 4 Amerika ya Kaskazini, moja Australia, moja New Zealand. Afrika, hata moja. Na ile "p" inasema sayari!

Tusimuonee. Karibu na ikweta ya sumaku, mchana, mkondo mkali wa umeme unapita kama kilomita 100 juu na kukuza mayumbo. Angeweka Addis Ababa, wastani ungevurugika. Lakini ukitoa parseli yenye kusumbua, usiseme matokeo ni ya shamba lote. Dst, kipimo kingine, ina stasioni 4 tu, na moja ni Hermanus, Afrika ya Kusini. Basi inawezekana.

Kwetu hii haiko mchezo wa majina. Katika eneo la ikweta, jua likishatua, hewa ya juu inaweza kuvuruga GPS hata kama Kp iko chini. Mwaka jana nilipima shamba la muhogo jioni, simu inaonyesha Kp 1, "shwari". Pointi zikaruka, mpaka ukaingia kwa jirani, palaver siku mbili. Siwezi kuapa kama ni ile sababu. Lakini ile "shwari" ilipimwa Ulaya, Canada, Australia, na mimi niliiamini. Kesho yake asubuhi tulipima tena, jirani akiwa amesimama hapo na kamba yake.