Mhujumu, Fisadi, Jipu: Lugha ya Msako na Nafasi ya Mtuhumiwa katika Fasihi ya Kiswahili

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili inayohusu rushwa umezoea kuuliza kama mwandishi amemfichua mla rushwa. Mhusika huyo akifichuliwa na kutiwa pingu, mhakiki huridhika, na kukamatwa kwake huandikwa kuwa ushindi wa haki. Aliyekamatwa anatendewa nini mlango ukishafungwa, ni swali linaloulizwa kwa nadra. Upungufu huu haukuanzia kwa wahakiki. Umo ndani ya msamiati ambao Kiswahili cha Tanzania kimejijengea kupitia misako dhidi ya ulanguzi na rushwa, na mfano ulio wazi zaidi ni msako wa mwaka 1983.

Edward Sokoine, aliyerejea katika uwaziri mkuu mwezi Februari mwaka huo, alisimamia operesheni iliyokamata zaidi ya watu elfu moja kwa muda mfupi, wakiwamo wafanyabiashara na watumishi wa mashirika ya umma. Wengi walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye. Sheria ya Uhujumu Uchumi (Masharti Maalumu) ya 1983 ilipewa nguvu ya kurudi nyuma. Iliunda baraza maalumu nje ya mfumo wa kawaida wa mahakama, ikawanyima watuhumiwa dhamana, wakili na rufaa mahakamani. Hasira ya wananchi ilikuwa na msingi, kwa kuwa sabuni, sukari na nguo vilikuwa vimeadimika madukani, na waliovificha walikuwapo kweli. Hata hivyo, kuwapo kwa wakosaji hakuthibitishi kwamba kila aliyekamatwa alikosa.

Kiisimu, neno lililobeba msako huo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Hujumu, lenye asili ya Kiarabu, ni kitenzi cha vita: jeshi huhujumu ngome. Kuliambatisha neno hilo na uchumi, miaka michache tu baada ya vita vya Kagera vya 1978–79, kulimhamisha meneja wa ghala kutoka orodha ya wakosaji hadi orodha ya maadui. Mkosaji hushtakiwa, adui hupigwa. Tena mofolojia ya neno inaimaliza kesi kabla haijaanza. Mtuhumiwa na mshtakiwa ni nomino zilizoundwa kwa kauli ya kutendwa: kiambishi -w- kinamkumbusha msikilizaji kwamba yupo mtu mwingine anayetuhumu, naye anaweza kukosea. Mhujumu na mlanguzi hazina kumbukumbu hiyo. Ni majina ya mtenda, na anayeitwa hivyo ameshatenda. Fisadi, neno lililotawala siasa za karne hii, huenda mbali zaidi, maana halitaji tendo bali linataja hulka ya mtu. Wapo watakaoongeza kwamba wingi wake, mafisadi, unamweka pamoja na majambazi na majangili. Hoja hiyo isivutwe kupita kiasi, kwani madaktari nao wamo katika ngeli hiyo.

Msako nao hutokana na kusaka, kitenzi cha mwindaji. Kuwekwa kizuizini kunamficha mtenda kwa kauli ya kutendwa na kulificha gereza kwa kiambishi cha mahali. Baada ya 2015 ikaja sitiari ya kutumbua majipu, iliyoenezwa na Rais John Magufuli na kupokewa kwa shangwe mitaani. Kisanaa ni sitiari kali kuliko zote, kwa kuwa ina usaha, maumivu na nafuu katika maneno mawili. Lakini jipu halina utetezi. Hakuna anayeliuliza jipu kama ni jipu kweli.

Fasihi pendwa imeimarisha mazoea haya. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, hupendwa kwa sababu hasubiri taratibu. Ngumi yake hupata jibu, na jibu hilo huwa la kweli daima. Hapo ndipo penye udanganyifu wa kisanaa. Katika riwaya za aina hii aliyepigwa huwa ndiye hasa mwenye hatia, kwa kuwa mwandishi alikwisha kuamua hivyo. Maisha hayana mwandishi wa namna hiyo. Katika operesheni za Mwanza na Shinyanga za miaka ya 1970, zilizohusu mauaji ya vikongwe waliodaiwa kuwa wachawi, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi yao wakafa. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa kuwajibika.

*Haini* (2003) ya Adam Shafi inatoa kipimo tofauti. Mwandishi aliwahi kuwekwa kizuizini Zanzibar baada ya Rais Abeid Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, na riwaya yake inahusu tuhuma za uhaini, si za rushwa. Hata hivyo, ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu misako ya kila aina, kwa kuwa inamweka msomaji ndani ya seli pamoja na Hamza. Kutoka huko, neno haini linasikika kama kifaa cha kazi cha anayehoji. Ungamo linalopatikana kwa mateso halina thamani ya ushahidi: mtu husema kinachotakiwa ili maumivu yakome. Uhakiki ulioisoma *Haini* kama kumbukumbu ya kisiasa ya Zanzibar pekee umeipunguzia uzito.

Kitenzi kukiri kinahitaji usomaji wa aina hiyo hiyo. Septemba 2019 Rais Magufuli alitoa siku saba kwa walioshtakiwa kwa makosa ya uhujumu uchumi wakiri na kurejesha fedha, kisha akaongeza siku nyingine saba. Shtaka la utakatishaji fedha halikuwa na dhamana. Kwa aliyekwisha kukaa rumande miaka kadhaa bila kesi kusikilizwa, kukiri kulikuwa pia nauli ya kurudi nyumbani. Riyadh ilitangulia kuonyesha mkondo huo. Kuanzia tarehe 4 Novemba 2017 wanamfalme, mawaziri na matajiri walizuiliwa katika hoteli ya Ritz-Carlton kwa jina la kupambana na *fasad*, neno lililokipa Kiswahili ufisadi. Wengi waliachiwa kwa maridhiano ya mali bila kesi ya hadharani. Machi 2018 gazeti la New York Times liliripoti kwamba watu wasiopungua 17 walihitaji matibabu ya hospitali na mmoja alifia kizuizini. Serikali ya Saudi Arabia ilikanusha mateso.

Sheria ya 1983 haikudumu. Mwaka 1984 ilifutwa na sheria nyingine iliyoyarudisha makosa hayo Mahakama Kuu na kuwaruhusu mawakili. Jina la Kiingereza la sheria hiyo mpya liliacha kabisa neno la hujuma, likataja makosa ya kiuchumi na ya kupangwa. Kiswahili hakikufuata. Magazeti na mahakimu wanaendelea kusema kesi ya uhujumu uchumi, na mshtakiwa hupanda kizimbani akiwa amebebeshwa neno la vita ambalo Bunge lilikwisha kuliondoa katika jina la sheria.