"Ufadhili" na Deni

Katika makadirio ya miradi ya pamoja ya nchi kadhaa, neno "ufadhili" limetwikwa mzigo usio wake. Asili yake ni fadhila, nayo fadhila haidaiwi. Tuutazame mradi wa umeme wa Rusumo, wa megawati 80, ambao ni wa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 340: sehemu ya Burundi ilikuwa ruzuku, ya Tanzania mkopo, ya Rwanda mchanganyiko. Mfasiri aandikaye "ufadhili" kwa zote tatu (nao ni wengi, hata maofisini) humficha mlipa kodi deni lake. Yafaa ruzuku iitwe ruzuku na mkopo uitwe mkopo. Kwa jumla yake, "ugharimiaji" latosha.